Nguvu, Joto na Chaji: Istilahi za Kompyuta ya Mpakato

Miaka michache iliyopita ofisi moja, ambayo haina haja ya kutajwa hapa, iliniomba niitafsiri kwa Kiswahili hati ya sifa za kompyuta zilizokuwa zinunuliwe kwa ajili ya wapima ardhi wake. Kazi yenyewe ilikuwa fupi, kurasa nne tu, nami niliimaliza kwa siku moja na kujiona hodari. Katika hati hiyo ziliorodheshwa kompyuta za aina mbili. Ya kwanza nilieleza kwamba ina kichakataji chenye nguvu, cha wati 45. Kwamba betri yake ina nguvu ya wati-saa 56. Na kwamba chaja yake ina nguvu ya wati 130. Ya pili nikaieleza kwa maneno yale yale: kichakataji chenye nguvu ya wati 15, betri yenye nguvu ya wati-saa 57, chaja yenye nguvu ya wati 65. Wajumbe wa kamati ya ununuzi hawakuwa mafundi, bali walikuwa wasomaji wazuri wa Kiswahili. Waliliona neno nguvu kila mahali, wakalinganisha tarakimu, wakahukumu kwamba kompyuta ya kwanza ina nguvu mara mbili au tatu ya mwenziwe. Wakainunua hiyo. Wapima ardhi wakaenda nazo mahali pasipo na umeme, wakaanza kazi saa mbili za asubuhi. Na kabla ya saa tano kompyuta zote zilikuwa zimezimika.

Hakuna aliyenilaumu, kwa kuwa hakuna aliyetambua kwamba kosa lilikuwa la tafsiri. Lakini lilikuwa la tafsiri. Hati ya asili ilikuwa na maneno manne kwa mambo manne yaliyo mbalimbali, nami niliyafunika yote kwa shuka moja. Makala haya yanakusudia kuyafunua tena: kueleza jinsi uwezo wa kichakataji, joto lake na chaji ya betri vinavyovutana ndani ya kompyuta ya mpakato itumiwayo na watu wa kazi, na kupendekeza maneno ambayo yatamwezesha msomaji wa Kiswahili kuuona mvutano huo bila kufasiriwa na fundi.

Tuanze na jina la chombo chenyewe. Kompyuta ya mpakato, au kipakatalishi kama wasemavyo wengi nchini Kenya, imepewa jina kwa tendo la kupakata, yaani kuweka kitu mapajani kama mama ampakatavyo mtoto. Jina ni zuri na sina ugomvi nalo, ila limebeba ahadi ambayo chombo hakiwezi kuitimiza kila wakati. Madaktari wamekwisha kuandika juu ya watu waliopata mabaka kwenye ngozi ya mapaja kwa sababu ya kuipakata kompyuta yenye joto kwa saa nyingi, siku baada ya siku. Mtoto anayeunguza hapakatwi, huwekwa mezani.

Sasa tuliangalie neno nguvu. Katika lugha ya kila siku nguvu ni nguvu: ya ng'ombe, ya hoja, ya dawa, ya dola. Hakuna sababu ya kuwanyang'anya watu matumizi hayo. Katika fizikia, hata hivyo, neno kani limekwisha kupokewa kwa ajili ya msukumo na mvuto wa vitu, na nishati kwa ajili ya ule uwezo wa kufanya kazi uliomo katika kitu. Nguvu, basi, ibaki na maana moja tu: kiasi cha nishati kinachotumika katika kila sekunde, ambacho kipimo chake ni wati. Kanuni yangu ni hii, nayo ni nyepesi kukumbukwa: katika maandishi ya kiufundi, pasipoweza kufuatishwa neno wati, neno nguvu lisiandikwe.

Kwa mtumiaji wa umeme wa Tanzania tofauti kati ya nguvu na nishati si ngeni, ingawa huenda hajaipa majina. Anaponunua umeme wa LUKU hupewa uniti, na kila uniti ni kilowati-saa moja, yaani wati-saa 1000. Uniti ni akiba iliyomo katika mita. Wati ni kasi ambayo pasi, friji au taa huila akiba hiyo. Kila mama wa nyumbani ajua kwamba pasi hula umeme na taa ndogo hailii sana, na kwamba uniti zile zile zaweza kumalizwa kwa siku mbili au kukaa wiki mbili. Betri ya kompyuta ni mita ya namna hiyo, ila ni ndogo sana: uniti moja ingeweza kuijaza betri ya wati-saa 56 karibu mara 18, lau pasingekuwa na upotevu njiani. Kompyuta ikila wati 5.6, akiba hiyo hukaa saa 10. Ikila wati 20, ambacho ni kiasi cha kawaida kwa mtu anayechora ramani kwa kichakataji kikubwa, hukaa saa 2 na dakika 48. Ikila wati 56, hukaa saa moja. Wapima ardhi wetu hawakuonewa na betri; betri zote mbili zilikuwa karibu sawa. Walionewa na ulaji.

Na zile wati 130 za chaja? Hizo si nguvu za kompyuta hata kidogo. Ni upana wa mlango: kiasi kikubwa kabisa ambacho chaja yaweza kupitisha. Mlango mpana humwambia mnunuzi jambo moja tu, kwamba ndani mna mlaji mkubwa. Kwa mtu aendaye porini, tarakimu hiyo ikizidi kukua yafaa kumtia wasiwasi, wala si kumfurahisha. Ndivyo kamati ile ilivyosoma onyo kana kwamba ni sifa.

Umeme ukisha kuliwa huenda wapi? Hapa neno kuchakata lenyewe hutusaidia. Watu wa Tanga walilijua zamani katika mkonge: jani huingia katika mashine, nyuzi hutoka upande mmoja na makapi mengi upande mwingine, maana nyuzi zenyewe ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Kichakataji cha kompyuta ni kibaya kuliko hicho kwa hesabu ya nishati. Umeme uingiao hutoka wote kuwa joto. Barua zilizoandikwa, hesabu zilizojumlishwa na ramani zilizochorwa hazipunguzi joto hilo kwa kiasi kinachoweza kupimwa. Kwa hiyo wati 45 za umeme ni wati 45 za joto, na mtengenezaji wa kompyuta anayeahidi uwezo mkubwa huwa ameahidi pia kulitoa joto kubwa, atake asitake.

Yatupasa hapa kutenganisha joto na halijoto. Katika mazungumzo twasema joto la leo ni nyuzi 32, na kila mtu huelewa. Katika maandishi ya sayansi, joto ni nishati inayohama kutoka kitu hadi kitu, na halijoto ni kipimo cha ukali wake kwa nyuzi. Cheche irukayo kutoka jikoni ina halijoto kubwa kuliko maji ya ndoo ya kuogea, lakini maji yale yana joto jingi mno kuliko cheche. Kichakataji kina tabia ya cheche na bamba la kompyuta lina tabia ya ndoo, na kazi yote ya kupoza ni kulihamisha joto kutoka kwa cheche hadi kwenye ndoo, na kutoka kwenye ndoo hadi hewani, bila kuiacha halijoto ya cheche ipande mno. Vichakataji vingi vya kompyuta za mpakato huruhusiwa kufika nyuzi 100 hivi za Selsiasi, wala si zaidi.

Ugumu wa kazi hiyo hautokani na wingi wa joto bali na udogo wa mahali litokapo. Kipande cha silikoni cha kichakataji cha viini sita cha mwaka 2018 kilikuwa na eneo la sentimita ya mraba moja na nusu hivi. Kwa wati 45, kila sentimita ya mraba yatoa wati 30. Pasi ya umeme ya wati 1000 yenye uso wa sentimita za mraba 200 yatoa wati 5 katika kila sentimita ya mraba. Kichakataji, basi, humwaga joto kwa msongamano mara sita ya pasi, nacho kimefungwa ndani ya boksi lenye unene wa kidole, juu ya mapaja ya mtu.

Joto hilo huondolewa kwa kifaa ambacho napendekeza kiitwe mrija wa joto. Ni mrija wa shaba uliozibwa pande zote, umetolewa hewa na kutiwa maji kidogo. Kwa kuwa hewa haimo, maji hayo huchemka bila kungoja nyuzi 100, kama vile katika kilele cha Kilimanjaro, ambako hewa ni nyembamba, maji huchemka kwenye nyuzi 80 hivi. Upande wa kichakataji maji hugeuka mvuke na kubeba joto. Mvuke hukimbilia upande wa baridi, hugeuka maji tena na kulitua joto huko. Kisha maji hurudi kwa kupanda katika ukuta wa ndani wenye vitundu vidogo vidogo, ambao hauna jina bora kuliko utambi, kwa sababu ndivyo hasa mafuta ya taa yapandavyo katika kandili. Upande wa baridi mna vibati vyembamba vilivyopangwa kama majani ya kitabu, navyo mafundi wameanza kuviita mapezi. Mbele ya mapezi kuna feni. (Wazee wa mwambao wangesema panka, nami ningependa kulisikia tena neno hilo, lakini feni imekwisha kushinda.)

Wengi hudhani kwamba feni hutengeneza baridi. Feni haitengenezi baridi; huleta tu hewa ya chumba, na hewa hiyo haiwezi kukipoza kitu kuliko ilivyo yenyewe. Jambo hili lina maana ya pekee kwetu sisi wa pwani. Joto hutoka kwa kadiri ya tofauti ya halijoto kati ya kitu na hewa inayokizunguka. Katika chumba cha nyuzi 20, kichakataji cha nyuzi 100 kina tofauti ya nyuzi 80. Katika Dar es Salaam au Mombasa, hewa ya nyuzi 32 huacha tofauti ya nyuzi 68, ambayo ni asilimia 85 ya ile ya kwanza. Mitambo ya kupoza iliyoweza kuondoa wati 45 kule itaweza kuondoa wati 38 hivi hapa. Kwa bamba la nje hasara ni kubwa zaidi. Tuseme hatutaki lipite nyuzi 45, lisije likamuunguza mtu: kule tofauti ni nyuzi 25, hapa ni 13. Karibu nusu imepotea. Sifa zilizoandikwa katika karatasi ya kompyuta iliyopimwa katika chumba cha baridi hazisafiri zikiwa nzima hadi pwani ya Afrika Mashariki, na mfasiri anayeziandika kwa Kiswahili angefanya jema kuandika pia halijoto ya chumba zilimopimiwa, ikiwa imetajwa.

Tumezungumza juu ya ulaji na joto; bado hatujasema neno juu ya kile ambacho mnunuzi hukitaka hasa, yaani kompyuta ifanye kazi upesi. Hiki kisiitwe nguvu. Kiitwe uwezo wa kichakataji. Uwezo hutokana na mambo mawili yanayozidishana: mapigo, ambayo huhesabiwa kwa gigahezi, yaani mabilioni kwa sekunde, na kazi inayofanyika katika kila pigo. Kwa muda mrefu wauzaji walitangaza mapigo peke yake. Mpiga ngoma wa haraka si lazima awe ndiye anayechezwa vizuri.

Mapigo yana gharama, na gharama hiyo ndiyo kitovu cha jambo zima. Nguvu anayokula mchakataji wa silikoni hukua kwa kadiri ya mapigo, na hukua kwa kadiri ya volti ikizidishwa kwa yenyewe. Volti ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Tena mapigo hayaongezwi bila kuongeza volti, kwa kuwa swichi za silikoni huhitaji msukumo zaidi ili ziwahi kufunguka na kufungika. Tuchukue mfano wa hesabu. Mapigo yaongezwe kwa asilimia 20, na volti ipande kwa asilimia 10 ili kuyabeba. Nguvu itakuwa 1.2 mara 1.1 mara 1.1, ambayo ni 1.45. Mtumiaji amepata, kwa kadiri kubwa kabisa, asilimia 20 ya wepesi, naye amelipa asilimia 45 ya umeme, ya joto na ya kelele za feni. Turudi nyuma vile vile: mapigo yapungue kwa asilimia 20 na volti kwa asilimia 10. Nguvu itakuwa 0.8 mara 0.9 mara 0.9, ambayo ni 0.65. Aliyeacha moja ya tano ya mapigo ameokoa zaidi ya theluthi ya nguvu. Ukitaka kujua kwa nini kompyuta ile ile hukaa na chaji saa tatu kwa mtu mmoja na saa saba kwa mwingine, jibu limo katika mistari hii michache.

Palikuwa na wakati ambapo maumbile yalilipa deni hili kwa niaba yetu. Mwaka 1974 Robert Dennard na wenzake walionyesha kwamba swichi za silikoni zikifanywa ndogo, na volti ikapunguzwa kwa kadiri hiyo hiyo, mapigo yaweza kuongezeka bila joto kuongezeka katika kila sentimita ya mraba. Kwa miaka 30 viwanda viliishi kwa neema hiyo. Katikati ya miaka ya 2000 iliisha: swichi zilikuwa ndogo kiasi cha kuvuja umeme hata zikiwa zimefungwa, na volti haikuweza kushushwa tena kama zamani. Kampuni ya Intel, iliyokuwa ikipandisha mapigo ya Pentium 4 mwaka hata mwaka, iliufuta mpango wa gigahezi 4 mwezi Oktoba 2004. Wakati huo huo ilikuwa na kichakataji kingine, Pentium M cha Machi 2003, kilichobuniwa kwa ajili ya kompyuta za mpakato, ambacho mapigo yake yalikuwa machache lakini kila pigo lilifanya kazi zaidi. Nacho kikaonyesha kwamba gigahezi 1.6 zaweza kushindana na gigahezi nyingi zaidi za ndugu yake. Tangu hapo uwezo umetafutwa katika kuongeza viini, si mapigo. Kiini ni neno jema: ni sehemu ya ndani ya yai na ya hoja, nalo limezoeleka.

Kisa cha mwaka 2018 chaeleza mengi. Mwezi Julai mwaka huo kampuni ya Apple ilitoa MacBook Pro ya inchi 15 yenye kichakataji cha Intel Core i9 cha viini sita, mapigo ya msingi gigahezi 2.9 na kilele cha gigahezi 4.8. Mhakiki mmoja aliipa kazi ya kuhariri filamu. Ilichukua zaidi ya dakika 39, ilhali kompyuta ya mwaka uliotangulia, yenye kichakataji kidogo zaidi, ilichukua dakika 35 tu. Kisha akaiweka ile mpya ndani ya friza, na kazi ile ile ikaisha kwa dakika 27. Kichakataji hakikuwa na kasoro. Kilikuwa kikishuka chini ya mapigo yake ya msingi kwa sababu ya joto. Baada ya siku chache Apple ilitoa marekebisho ya programu, ikaeleza kwamba sehemu fulani ilikosekana katika programu ya kusimamia joto, na hali ikawa bora zaidi. Lakini somo la friza halikufutwa na programu.

Tendo hilo la kichakataji kupunguza mapigo yake ili kisiungue tuliiteje? Nimeona mahali fulani limetafsiriwa kukaba. Sikubaliani. Anayekabwa hukabwa na mkono wa mwingine, naye aghalabu hukata roho. Kichakataji hufanya jambo hili chenyewe, kwa busara, na hurudi katika hali yake joto likipungua. Kiswahili kinalo neno kujibana. Mtu hujibana ili mshahara ufike mwisho wa mwezi. Hakatazwi na mtu kununua nyama, ila ajua kwamba akinunua leo atalala njaa kesho. Napendekeza basi kujibana, na nomino yake mjibano. "Kompyuta hii hujibana baada ya dakika tano za kazi nzito" ni sentensi ambayo hata asiye fundi ataielewa, na pengine ndiyo sentensi moja yenye manufaa kuliko zote kwa mnunuzi.

Kinyume cha kujibana ni kule kukurupuka kwa muda mfupi. Kichakataji kilichopoa huruhusiwa kula nguvu nyingi kwa sekunde chache, kwa kuwa shaba na bamba bado ni baridi na zaweza kumeza joto kabla ya kulitoa. Kufungua waraka au ukurasa ni kazi ya namna hiyo. Huisha kabla halijoto haijapanda, kisha kichakataji husinzia, na hesabu ya chaji yaweza hata kuwa na faida. Kuhariri filamu au kuunganisha mamia ya picha za angani kuwa ramani ni kazi nyingine. Huko hakuna kukurupuka, kuna ustahimilivu tu, na mwisho wa mambo kichakataji hukaa pale mitambo ya kupoza inapoweza kumbeba. Kwa hiyo twahitaji istilahi mbili: nguvu ya kilele na nguvu ya kudumu. Zile wati 45 nilizoziandika katika hati yangu zilikuwa nguvu ya kudumu. Nguvu ya kilele haikuandikwa kabisa. Wala udhaifu huu haukuwa wa Kiswahili pekee. Intel yenyewe ilitumia kwa miaka mingi istilahi moja yenye tarakimu moja, hata mwaka 2021, pamoja na kizazi cha 12 cha vichakataji vyake, ikaiacha na kuweka mbili: nguvu ya msingi na nguvu ya juu kabisa. Core i9-12900HK, kichakataji cha kompyuta za mpakato cha Januari 2022, kikaandikwa wati 45 kwa ya kwanza na wati 115 kwa ya pili. Tarakimu moja ilikuwa ikificha mara mbili na nusu.

Msomaji ataniuliza: kwa nini basi betri isifanywe kubwa tu? Uzito ni sababu mojawapo, lakini ipo nyingine iliyo kama ukuta. Kanuni za usafiri wa anga humruhusu abiria kubeba betri ya lithiamu isiyozidi wati-saa 100 bila kuomba idhini ya shirika la ndege. Kati ya 100 na 160 idhini yahitajika. Hakuna mtengenezaji atakaye kompyuta ya wafanya kazi isiyopanda ndege kwa urahisi. Ndiyo maana betri nyingi za kompyuta kubwa zimesimama kwenye wati-saa 99 au 100, kama ile ya MacBook Pro ya inchi 16 ya mwaka 2019. Mita imewekewa kikomo. Kilichobaki ni kupunguza ulaji.

Kuhusu betri pana kosa jingine la istilahi, nalo limeenea mno: uhai wa betri. Maneno haya hutumiwa kwa mambo mawili, muda ambao chaji moja hukaa, na miaka ambayo betri hudumu kabla ya kuharibika. Muuzaji akisema uhai ni saa 10, mnunuzi mwenye akili yafaa ashtuke! Watu wetu hawasemi hivyo. Husema "simu hii inakaa na chaji" na "betri imekufa", na hawajawahi kuyachanganya. Tuwafuate: ukaaji wa chaji kwa saa, umri wa betri kwa miaka. Tofauti hii si ya mapambo, kwa sababu mambo haya mawili hupingana. Betri za ioni za lithiamu, ambazo ziliingia sokoni mwaka 1991 kwa kazi ya kampuni ya Sony, huzeeka upesi zikikaa katika joto na zikikaa zimejaa pomoni. Anayeiacha kompyuta yake kwenye chaja usiku na mchana, ikiwa moto, hulinda ukaaji wa leo na kuupunguza umri. Ndiyo maana kompyuta nyingi sasa zina mpango wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80. Hapo tena joto la kichakataji laonekana kuwa deni la mara mbili: huimaliza chaji ya leo, na huizeesha betri iliyo jirani yake.

Mwezi Novemba 2020 Apple ilitoa kompyuta mbili za mpakato zenye kichakataji kimoja kiitwacho M1, chenye viini vinne vya mbio na viini vinne vya mwendo wa pole. (Wengine wamesema "viini vya nguvu", msomaji aliyefika hapa ajua kwa nini sisemi hivyo.) Kazi ndogo hupewa viini vya pole, ambavyo hula kidogo sana, na vya mbio huamshwa kwa haja. MacBook Air haikuwa na feni hata moja. Betri yake ilikuwa ya wati-saa 49.9 na chaja yake ya wati 30, nayo ilipita kwa uwezo kompyuta nyingi zenye chaja kubwa kuliko hiyo. MacBook Pro ya inchi 13 ilikuwa na kichakataji hicho hicho pamoja na feni. Katika kazi za dakika moja mbili hazikutofautiana. Katika kazi ndefu ile isiyo na feni ilijibana, na yenye feni ikaendelea. Kwa hiyo hata jina la kichakataji, ambalo wanunuzi hulitazama kwanza, halitoshi kuueleza uwezo wa kudumu. Wala si kila fundi wa ramani aweza kuihamia kompyuta hiyo, kwa kuwa baadhi ya programu za kazi yake huenda kwenye Windows peke yake.

Lau ningeitafsiri upya hati ile ya wapima ardhi, ningeandika hivi: "Kichakataji: uwezo mkubwa, nguvu ya kudumu wati 45, hujibana katika kazi ndefu. Betri: ujazo wa wati-saa 56. Ukaaji wa chaji: chini ya saa tatu katika kazi ya ramani. Chaja: hupitisha hadi wati 130." Na kwa ya pili: "Kichakataji: uwezo wa wastani; nguvu ya kudumu wati 15. Betri: ujazo wa wati-saa 57." Maneno yameongezeka kidogo. Kamati ingeweza kuinunua ya kwanza kwa ajili ya ofisini, penye umeme, na ya pili kwa ajili ya porini. Nayo ingekuwa imeamua kwa kujua.

Limebaki neno moja ambalo naliacha mikononi mwa wasomaji. Kompyuta ikifunikwa yaweza kuwa katika hali mbili. Katika ya kwanza kumbukumbu yake ya muda huendelea kulishwa umeme kidogo, nayo huamka mara moja. Katika ya pili kila kitu huandikwa katika hifadhi ya kudumu na umeme hukatwa, nayo huchelewa kuamka. Kompyuta nyingi za siku hizi, zikiwa katika hali ya kwanza, huamka zenyewe kupokea barua na masasisho, na zikiwa ndani ya mkoba huzalisha joto lisilo na pa kutokea. Mwenyewe akiufungua mkoba asubuhi hukuta kifaa cha moto na chaji imekwisha. Programu nyingi zimeziita hali hizi zote mbili kulala. Kwa ya kwanza naona kusinzia kwafaa, maana asinziaye bado asikia. Kwa ya pili nasitasita kati ya kulala na kuzirai, na wenzangu wa Unguja niliowauliza hawakupenda hata moja.